Mchumaji wa Parachichi Namba Kumi na Tisa

Morogoro
12 Februari 2024

Kwako Shangazi Rahabu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kichefuchefu cha Jesca kimepungua. Mwambie huyo mkwe wako asiache kula kwa sababu ya harufu ya vitunguu, maana akikonda mumewe Prosper atarudi kutoka huko kwenye mashamba ya mkonge na kutulaumu sisi sote. Mimi ni mzima. Mvua imeanza mapema huku na chumba changu kinavuja juu ya kabati badala ya kitanda, kwa hiyo sina la kulalamika.

Boksi la Februari limefika salama. Dakta Shamsa, msimamizi wangu, alipoona ulivyoandika kwenye kichupa, "Mgonjwa namba nne, hana homa, amelazwa saa moja na robo asubuhi," alicheka mpaka akavua miwani. Shangazi, umestaafu unesi miaka minane sasa. Parachichi halina homa.

Uliniuliza kwa nini tunachinja matunda machanga kila mwezi badala ya kungoja yakomae tuyale kama watu wenye akili. Nitajaribu kueleza. Tunda likitaka kuiva hutoa gesi fulani, isiyoonekana. Lakini gesi peke yake haitoshi, lazima ndani ya tunda kuwe na wa kuipokea. Hao tunawaita vipokezi. Kazi yao ni ya ajabu kidogo: kipokezi ambacho hakijapata gesi kinakaa kinasema "bado, bado, bado." Kikiipata, kinanyamaza. Wengi wakishanyamaza, tunda linalainika. Sasa kila kipokezi kinatengenezwa kwa maagizo ya jeni yake, na jeni hizo huwashwa na kuzimwa kwa nyakati tofauti, tunda linapokuwa dogo kama harage, linapojaa, linapokomaa. Mimi nataka kujua ni lini ipi inawashwa. Ndiyo maana nahitaji vipande vya kila mwezi, kutoka mti uleule, saa ileile, vikatwe dakika hiyohiyo na kutumbukizwa kwenye yale maji ya kuhifadhia.

Na mparachichi wetu una jambo lake. Matunda yake yakichumwa hukaa siku kumi na sita kabla ya kulainika, wakati ya miti mingine hukaa wiki tu. Nataka kujua ni nani mle ndani anayesema "bado" kwa sauti kubwa hivyo.

Nakukumbusha: Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa moja asubuhi, matunda matatu yenye uzi mwekundu. Na fomu ijazwe yote: namba, tarehe, saa, mchumaji.

Baba hajambo? Nisalimie.

Mwanao,
Yudith


Gonja
3 Machi 2024

Mpendwa mwanangu Yudith,

Marahaba. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Jesca sasa anakula hata udongo, kwa hiyo usihangaike. Jogoo mweupe amekufa, sikumchinja, alikufa kwa uzee kama mtu mwenye heshima zake. Kwaya inajiandaa kwa Pasaka na mwalimu mpya anatuimbisha kwa sauti ya juu kana kwamba sote tuna miaka ishirini.

Nakuletea boksi la Machi kwa mkono wa Anderson wa bodaboda, atalipakia kwenye basi pale Same. Nimemwambia ndani kuna damu za watu, asilitikise. Ameniamini, amelibeba kifuani kama mtoto.

Nimefurahi sana kuelewa habari za vipokezi. Katika wodi ya wazazi nilikuwa naye mmoja wa namna hiyo, sista mkuu, kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kusema "bado." Ukimpelekea chai ananyamaza.

Fomu nimejaza yote. Miaka thelathini na mbili sijawahi kuacha nafasi wazi kwenye fomu, sitaanza na parachichi. Nesi anayeacha nafasi wazi anamwachia mwenzake wa zamu ya pili aue mtu.

Baba yako hajambo, nimemwona kanisani. Alikaa upande wa wanaume.

Shangazi yako,
Rahabu


Morogoro
20 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Boksi limefika, Anderson Mungu ambariki. Nina mtihani kesho, naandika kwa haraka.

Wanaume hukaa upande wa wanaume kila Jumapili, Shangazi. Nilichokuomba ni umsalimie.

Picha inaanza kutokea. Tunda likiwa dogo jeni moja inapiga kelele sana, na nyingine mbili ziko kimya kabisa. Ikifika Julai tutakuwa na mstari mzima, tangu kifuko cha ua hadi tunda lililokomaa. Dakta Shamsa anasema mwezi mmoja ukikatika, mstari umekatika, na maua mengine ni mpaka mwakani. Na mwakani nafasi yangu ya maabara anapewa mtu mwingine. Sikuambii hivyo kukutisha. Nakuambia ili usipande mti wakati wa mvua. Tumia ngazi.

Yudith


Gonja
5 Mei 2024

Mpendwa Yudith,

Salamu nyingi. Huku ni mvua asubuhi, mvua mchana, na jioni ukungu unashuka hadi mlangoni kama mgeni asiyetaka kuambiwa karibu. Maharage yamechipua yenyewe kwenye gunia. Jesca ni mzima, tumbo limemtangulia. Yeye ndiye anateka maji na kupika siku hizi, mimi nimeamua kupumzika kidogo. Kwaya pia nimepumzika. Sauti ya juu ile si ya umri wangu.

Boksi la Mei hili hapa. Matunda kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano, yamekatwa jana Jumamosi, vipande vidogo kama punje za mchele, kama ulivyoelekeza. Yalikuwa magumu na mazuri. Fomu imejaa.

Usione mwandiko umepinda, naandikia kitandani kwa sababu ya baridi.

Rahabu


Morogoro
10 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Unaendeleaje? Mimi naendelea vizuri isipokuwa nimeanza kwenda kituo cha basi kila jioni kuuliza boksi, na makonda sasa wananiita Mama Parachichi. Boksi la Juni halijafika. Nimekupigia mara tisa, simu haipatikani. Nimempigia Jesca, kasema "Mama anaoga." Nimempigia kesho yake, mama anaoga. Shangazi, Gonja kuna baridi mwezi huu. Unaoga nini?

Tafadhali niandikie neno lolote.

Yudith


Gonja
16 Juni 2024

Yudith mwanangu,

Simu iliingia maji. Sote wazima. Matunda ya Juni hayakuchumwa kwa sababu ya ukungu, mtu hawezi kuona uzi mwekundu. Usichoke na masomo. Kunywa uji.

Rahabu


Morogoro
24 Juni 2024

Shangazi Rahabu,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu, utanisamehe.

Wiki iliyopita nilisoma vile vipande vya Mei kwenye mashine. Zile jeni mbili ambazo zimekuwa kimya tangu Januari zimewaka zote kwa pamoja, tena kwa nguvu. Nilidhani nimekosea kupima. Nimerudia mara tatu, jibu ni lilelile. Tunda lililo juu ya mti halifanyi hivyo. Parachichi haliivi likiwa mtini, Shangazi, hilo hata wewe unalijua. Jeni zile huwashwa pale tunda linapokuwa limeshachumwa na limeshavuta gesi kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo matunda yale hayakuchumwa Jumamosi saa moja asubuhi. Yalichumwa kabla, na yakakaa mahali penye tunda lingine linaloiva. Hapo ndipo mashine inapoishia. Mengine nayaongeza mimi kwa kukufahamu: kuna sanduku la bati chini ya kitanda chako, na ndani ya sanduku kuna blanketi la bluu, na ndani ya blanketi umevundika ndizi.

Sijakasirika. Nakuogopea. Wewe huwezi kudanganya kwenye fomu bila sababu. Umeacha kwaya, Jesca anateka maji, unaandika kitandani, ukungu umekuzuia kuona mti ulio hatua ishirini kutoka jikoni. Kuna nini?

Mwanao anayekupenda,
Yudith


Gonja
28 Juni 2024

Mpendwa mwanangu,

Kweli mmesoma. Nilidhani kichupa ni kichupa tu, kumbe nimepeleka shahidi Morogoro.

Haya, kaa chini nikueleze. Jumanne ya tarehe thelathini Aprili niliona wingu jeusi upande wa mabondeni, nikasema mvua hii haitaacha mpaka Jumamosi ipite. Ngazi iliteleza, nikapanda kwa tawi la chini kama zamani. Nilichuma matatu yako vizuri, nikayatia kwenye kanga. Tawi likavunjika. Nilianguka nalo. Mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Jesca alinikuta naimba wimbo wa mazishi kwa utani, akalia yeye badala yangu. Hospitali wamenifunga plasta ngumu mpaka gotini, na mtoto niliyemfundisha mwenyewe kuchoma sindano ndiye aliyeniambia, "Bibi, umri huu hupandi miti." Nilitaka kumchapa.

Jesca aliyaokota maparachichi. Na katika nyumba yangu, tunda lililochumwa linakwenda wapi? Kwenye sanduku. Hakuna aliyemwambia, amezoea. Nilipokuja kuyatoa Jumamosi yalikuwa bado magumu kama jiwe, nikasema hayajadhurika. Nikakata. Halafu fomu ikaniangalia: tarehe ya kuchumwa, saa ya kuchumwa. Ningeandika Jumanne, ungeuliza kwa nini Jumanne. Ningeacha wazi, mkono wangu haukubali. Nikaandika Jumamosi saa moja. Nimeona haya tangu siku hiyo, kuliko nilivyoumwa mguu. Nisamehe.

Juni hakuna wa kuchuma. Lile tawi lilikuwa njia yangu ya pekee. Jesca na tumbo lile hapandi hata kitanda bila kushikwa. Matunda yaliyobaki yenye uzi yako upande wa pili, juu ya shamba la baba yako, na ngazi lazima isimame kwenye shamba lake. Anderson alijitolea, nikamwambia hapana, mtu haingii shamba la kaka yangu kama mwizi.

Ndiyo, najua utakaloniambia. Nenda kamwombe. Sasa nisikilize. Mwaka jana alikuja na shoka aukate mti uliopandwa na baba yetu, eti kivuli kinaua miche yake mipya ya kisasa. Nikaweka kiti changu shinani nikakaa, mchana kutwa, na kufuma. Akarudi nyumbani na shoka lake. Tangu siku hiyo hajaniambia shikamoo. Mimi ni dada yake mkubwa, nilimbeba mgongoni kwenda kliniki. Hata nilipovunjika amemtuma mtu na maziwa, kila asubuhi, lita moja, na neno hapana. Mkubwa haanzi kumwamkia mdogo wake. Mti ufe, mguu ufe, sitaanza mimi.

Pole kwa mstari wako kukatika.

Rahabu


Morogoro
1 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo, na pole, na pole tena. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kituoni, nikalia, kisha nikafika pale pa wimbo wa mazishi nikacheka, na makonda wakaniletea kiti. Ungeniambia. Ningekuja hata kwa kuning'inia mlangoni. Usinifiche tena ugonjwa, nakuomba kama mama yangu, maana tangu marehemu mama alipolala wewe ndiye mama.

Na mimi nina langu la kukiri, ili tuwe sawa.

Dakta Shamsa alinitafutia bustani nzuri tu hapahapa Morogoro, miti mia mbili, naenda kwa miguu. Nikakataa. Nilimwambia mti wetu una matunda yanayokaa muda mrefu, na hiyo ni kweli. Lakini sababu yangu ya kwanza haikuwa hiyo. Nilisikia habari ya shoka na kiti. Nikajua mti ukiwa na nyuzi nyekundu zenye vibandiko vya namba na muhuri wa chuo, baba hataukata mpaka nimalize, kwa sababu anaogopa kitu chochote chenye muhuri. Nilitaka kuwanunulia mwaka mmoja ninyi wawili. Sikumwambia baba kwamba utafiti wangu ni mti huo, nilimwambia tu nasoma parachichi. Wewe nawe sikukuambia sababu yangu hiyo. Sasa umevunja mguu kwa ajili ya ujanja wangu.

Kuhusu mstari: nimemweleza Dakta Shamsa yote. Mei imeharibika, basi, itabaki pengo na nitaandika wazi kwa nini. Juni imepita. Julai ndiyo ya mwisho, tunda lililokomaa, na bila hiyo siwezi kusema lolote kuhusu mti huu. Amenipa mpaka Julai. Jumamosi ni tarehe sita.

Sikuombi umwamkie baba. Naomba kitu kimoja tu, na ni kigumu kwako kuliko kupanda mti. Kwenye boksi hili kuna vichupa vitatu, wembe mpya na fomu. Jaza namba, jaza tarehe, jaza saa. Pale palipoandikwa "mchumaji," acha wazi. Halafu mpe Jesca ampelekee baba, fomu na boksi, bila neno lolote.

Yudith


Gonja
7 Julai 2024

Mpendwa mwanangu Yudith,

Salamu kutoka kwetu sote. Jesca ni mzima, amekataa kwenda kujifungua kabla hajaona mwisho wa mambo haya. Ndama wa baba yako ana madoa. Naandika nikiwa nje, juani, mguu juu ya kigoda.

Boksi lilifika Alhamisi. Nilijaza fomu, nikafika pale penye "mchumaji," nikainua kalamu. Nilikaa nayo mpaka chai ikapoa. Mara mbili niliandika herufi R hewani. Mwishowe niliikunja haraka nikampa Jesca kabla sijabadili nia, na usiku ule sikulala vizuri, maana nilikuwa nimeacha nafasi wazi kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Ijumaa hakuna jibu. Maziwa yalikuja kama kawaida.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu nikasikia kitu kinaburuzwa. Nikatoa kichwa dirishani. Kaka yangu Aminieli, miaka sitini na mbili, amevaa koti lake la kanisani na kofia ya sufu, anasimamisha ngazi. Fomu yako ameibana kwa meno. Saa yake ya mkononi ameitundika kwenye ngazi, anaiangalia. Ilikuwa bado dakika kumi na tano, na amini usiamini, akasimama pale chini akingoja saa moja ifike.

Nikamwita Jesca anishike, nikatoka na magongo yangu. Nikakaa kwenye kiti kilekile cha mwaka jana. Ilipofika saa moja kamili akapanda. Nikamwambia Jesca kwa sauti, ili asikie yeye, "Namba kumi na tisa iko kulia, nyuma ya jani kubwa." Mkono ukaenda kulia. "Ishirini iko juu yake." Mkono ukaenda juu. Ya mwisho ilimsumbua, akakaa huko muda, mimi nikashika roho mkononi, maana najua jinsi ya kuanguka kutoka mti ule.

Aliposhuka alikuwa na majani kwenye kofia. Akaweka matunda matatu mapajani mwangu, hakuyapeleka kwenye sanduku la mtu. Akanitazama mguu.

Akasema, "Shikamoo dada."

Nikasema, "Marahaba." Mwanangu, nililia kama mjinga, yeye akajifanya anatafuta wembe.

Nilikata mimi, yeye alishika vichupa. Tulipomaliza akaniambia, "Nimeona kule juu. Kivuli kinatoka kwenye matawi mawili tu. Nitakata hayo mawili, mti ubaki." Nikamuuliza mbona hakupanda kuangalia mwaka jana kabla ya kuleta shoka. Akasema, "Ulikuwa umekalia shina, ningepandia wapi?" Tulicheka mpaka ndama akapiga kelele.

Halafu akauliza, "Hili boksi linakwenda wapi?" Nikamwambia ukweli wote, kwamba ni wewe, kwamba ni mti huu, tangu mwanzo. Akasema, "Mtoto yule amenifunga kamba," lakini alikuwa anatabasamu. Nikamweleza habari za vipokezi, jinsi vinavyokaa ndani vikisema bado, bado, mpaka vipate cha kuvinyamazisha. Akanijibu kwamba wewe na mimi ndio wenye vingi, yeye ana kimoja tu. Unamjua baba yako.

Leo baada ya ibada amekuja na ndizi, akazivundika mwenyewe kwenye sanduku langu. Umalize haraka uje. Kuna maparachichi mawili yasiyo na uzi, tumeyaweka pembeni, mbali na sanduku. Tunahesabu siku kama yatafika kumi na sita.

Nimeambatanisha fomu. Sikuongeza hata nukta.

Shangazi yako,
Rahabu

*

FOMU YA SAMPULI
Matunda namba: 19, 20, 21
Tarehe: 6 Julai 2024
Saa: 1:00 asubuhi
Mchumaji: Aminieli, mdogo wake Rahabu.